Nimemwogesha mbwa, siku ya pili ananuka gunia bichi na anajikuna. Nakosea wapi?

FundiWaChamazi

Wakuu habari za jioni. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mbwa, ili mnicheke kwa kiasi. Ni fundi cherehani, nimepanga huku Chamazi, vyumba viwili na kibaraza ambacho ndicho ofisi. Mbwa nimerithishwa. Kaka yangu alihamishiwa Dodoma mwezi wa tatu, nyumba aliyopata kule mbwa hawatakiwi, akaniletea "kwa wiki mbili tu, mdogo wangu". Sasa tuko mwezi wa nane.

Jina lake Afande. Sikumpa mimi. Ukipita asubuhi utanisikia nafoka "Afande, toka kwenye kitambaa cha watu!" na kuna mgambo anakaa nyumba ya tatu, kila mara anageuka.

Ni chotara wa jamani shepadi. Manyoya yamejaa shingoni na mgongoni, mkia kama fagio la chelewa. Wateja walianza kulalamika harufu kwa mafumbo, "fundi, humu ndani kuna hewa nzito". Kisha dada mmoja akaja kuchukua gauni la sendofu, akalinusa kwanza kabla ya kulijaribu. Hapo nikajua sasa hii ni hasara.

Jumamosi nikamwogesha. Ndoo mbili za maji ya kisima. Kisima chetu ni kirefu na kina chumvi, ya bomba yanakuja kwa zamu mara mbili kwa wiki, na ukinunua dumu ni shilingi 500. Sabuni nikatumia ya unga, ile ninayofulia, viganja viwili. Povu likagoma, nikaongeza cha tatu. Nikamsugua kwa brashi ya nguo. Halafu ndoo ya pili nikammwagia yote kwa mpigo mmoja juu ya mgongo. Akajikung'uta. Nililoa mimi, ukaloa ukuta, zikaloa na suruali mbili za shule za mteja nilizoanika. Lakini alivyokauka, jamani, aling'aa. Nikapiga picha nikamtumia kaka.

Jumatatu usiku silali. Anajikuna, mguu unagonga bati la mlango ko-ko-ko hadi alfajiri. Nikimpapasa mgongoni, vidoleni unabaki unga mweupe kama chaki yangu ya kuchorea. Na harufu imerudi na ndugu zake: gunia la mkaa lililonyeshewa.

Swali langu: ni maji ya chumvi, ni sabuni, au ni mkono wangu? Jirani dereva amenipa chupa ya oli chafu nimpake, anasema kujikuna kunakwisha siku hiyo hiyo. Nimeiweka juu ya kabati, naogopa kuigusa. Na jambo la pili, mama mwenye nyumba amenuna. Ni Mwislamu, ameniambia hataki tena kuona mbwa anaogeshwa pale karibu na bomba. Yule mama ana miaka 6 hajanipandishia kodi, ugomvi naye siutaki.

Natanguliza shukrani.

MasikaNaVuli

Wangu anaoga mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Vuli ikichelewa tunavumiliana.

LindoLaUsiku

Binti, marahaba hata kabla hujaniamkia. Nimekuwa mwongoza mbwa miaka 11 kwenye kampuni ya ulinzi hapa Dar, malindo ya magodauni Barabara ya Nyerere. Kila Jumapili nilikuwa naogesha mbwa 9 kabla ya saa saba mchana. Ninayokuambia yametoka mikononi.

Maji yamechangia, sabuni imechangia, lakini kosa ni lako. Hukumsuuza. Ulimmwagia maji, na kumwagia si kusuuza.

Nitakuambia kwa lugha ya cherehani. Shepadi amevaa koti lenye bitana. Juu kuna manyoya marefu, magumu, yanayotiririsha maji kama turubai. Chini yake kuna sufi laini iliyoshonana, na ngozi iko chini ya hiyo sufi. Ukimwaga ndoo kwa mpigo, maji yanateleza kwenye kitambaa cha nje yanaishia sakafuni, bitana inabaki na sabuni yake yote. Wewe unaona mbwa amelowa chapachapa, kumbe ndani hakuna kilichopita. Sabuni ikikaukia kule ndiyo chaki yako. Inawasha, anajikuna, ngozi inachubuka, unyevu uliobaki unavunda, harufu inarudi. Yote uliyoyaeleza ni kisa kimoja.

Viganja vitatu vya sabuni ya unga nadhani unajua mwenyewe. Ile imetengenezwa ing'oe jasho kwenye kola ya shati. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na inategemea mafuta yake yenyewe. Nenda duka la dawa za mifugo ununue shampuu ya mbwa. Sabuni za watu nazo ziache, hata zile za kunukia, ngozi yetu ina uchachu zaidi kuliko ya mbwa na sabuni zetu hupimwa kwa ngozi yetu.

Sasa fanya hivi. Siku moja kabla, mchane akiwa mkavu. Usiruke hapa. Sufi iliyokufa ikilowa inajisokota inakuwa kama msuko, na hapo hata Mungu akishusha mvua haiingii. Mimi kwa shepadi mmoja nilikuwa natoa manyoya ya kujaza mto mdogo.

Maji yaanikwe juani tangu saa tatu, yavunje ubaridi. Chini utandike gunia au mkeka chakavu, kwa sababu mbwa akiteleza kwenye saruji yenye povu anashikwa na hofu, na mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Mloweshe kwa kopo huku mkono mwingine unapekua manyoya kurudi nyuma, kutoka mkiani kwenda shingoni, hadi uone ngozi imelowa. Shampuu usimimine juu yake. Tia vifuniko viwili kwenye chupa ya maji ya nusu lita, tikisa, ndipo umpake. Inasambaa vizuri, inatoka kirahisi, na utaokoa hela. Kama ana viroboto, anza kwa kumvisha pete ya povu shingoni, vinginevyo vyote vitakimbilia usoni. Sugua kwa vidole, brashi ya nguo irudi kwenye nguo.

Kusuuza ndiyo kazi yenyewe. Kama kumpaka kulikuchukua dakika 5, kumsuuza kuchukue 10 au 15. Anza shingoni ushuke, kopo kwa kopo, mkono wa pili unafungua manyoya nyuma ya kila kopo. Uvungu wa kifua, kwapani, kinenani, chini ya mkia, nyuma ya mapaja palipo na manyoya kama pindo la pazia, katikati ya vidole. Kola ivuliwe, chini ya kola ndipo sabuni inapojificha. Halafu mtihani: kamata manyoya ya shingo, kamua. Yakitoka maji ya kuoshea mchele, rudi ukaendelee. Yakitoka kama yalivyoingia, nenda sehemu nyingine ukamue tena. Mbwa wa kilo 30 mimi nilikuwa namtumia ndoo moja ya kulowesha na kupaka, na tatu hadi nne za kusuuza. Wewe ulimpa moja.

Maji yako ya chumvi yanakudanganya kwenye povu. Povu kutoonekana haina maana sabuni haipo. Ulipoongeza kiganja cha tatu ulimwongezea mbwa mzigo. Loweshea hayo hayo ya kisima, oshea hayo hayo, lakini ndoo ya mwisho iwe ya bomba. Shilingi 500 hiyo usiionee uchungu.

Kichwa kiwe cha mwisho, kwa kitambaa kibichi, bila sabuni. Mbwa anajikung'uta pale maji yanapogusa kichwa, na mtikisiko unaanzia puani unakwenda mkiani. Ukiona anaanza kuzungusha kichwa, mshike taratibu mdomo, mwili wote unatulia. Hii ingekuokolea zile suruali za shule.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na jike tukimwita Tausi. Gari la malindo linapiga honi, mimi nimeshampaka, nikamsuuza nusu-nusu nikampakia. Siku ya tatu akawa analamba paja. Kidonda cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Jioni yake kimekuwa kiganja, kinatoa maji, manyoya yote yameng'oka. Wiki mbili hakuingia lindoni na mimi nilikatwa siku zote hizo. Tangu siku ile gari lipige honi hadi betri iishe.

MtuWaMafinga

Mzee umeeleza, ila "anika maji juani" ni kwa ninyi wa pwani. Huku mwezi wa saba jua lenyewe linavaa sweta. Sisi tunachanganya na ya moto, unaonja kwa kiwiko kama unavyomwogeshea mtoto mchanga, na hatuvuki saa saba. Mbwa akiingia usiku na bitana mbichi (nimelipenda hilo) anatetemeka hadi asubuhi.

BintiWaKilwa

Dada Fundi, mimi nakujibu lile la mama mwenye nyumba maana wanaume wamelipita kama hawakuliona.

Mimi si shehe, ila nimekulia nyumba yenye mbwa wa shamba, babu alimfuga kwa ajili ya nguruwe pori na nyani, na kufuga mbwa wa kulinda kunaruhusiwa. Shida ni unyevu. Sisi Waislamu wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu mbwa mkavu akikupitia nguo kavu hakuna neno. Akikugusa akiwa amelowa, au mate yake, pale palipoguswa panaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa mfikirie mama wa watu. Anatawadhia bomba lile mara tano kwa siku. Wewe umemleta mbwa mbichi pale, akajikung'uta, matone yamekwenda ukutani, kwenye ndoo, labda kwenye kanga yake kambani. Hajakuchukia. Umempa kazi ya kuosha uwanja mzima mara saba.

Kwetu babu alikuwa na sheria zake. Mbwa alikuwa na ndoo yake na kopo lake, vimepakwa rangi nyekundu, na havikuingia jikoni wala havikutumbukizwa pipani. Maji yalichotwa na mtu kwa chombo safi, yakamiminwa kwenye ndoo nyekundu kwa mbali. Alifungwa kwenye mfenesi nyuma, chini ya mteremko, maji machafu yaende shambani yasipite mlangoni. Akikauka ndipo anafunguliwa.

Kamwone kabla ya kuogesha tena. Usiende na maelezo, nenda na swali: "Mama, nimfanyie wapi?" Na zile suruali za shule kama za mtoto wa Kiislamu, mwambie mzazi.

KataYaMifugo

Nimestaafu uafisa mifugo wa kata, acha niongeze machache.

Ile chupa juu ya kabati irudishe kwa mwenyewe leo. Oli chafu ni sumu. Inaunguza ngozi, na mbwa anajilamba, kwa hiyo unamnywesha. Nimeletewa mbwa waliopakwa oli, wakatapika, wengine wakafa, na mwenye mbwa anaapa kwamba walikufa kwa kupe.

Kingine ninachokiona sana ni watu kuchukua dawa ya josho la ng'ombe wakakadiria kwa jicho, "kifuniko kimoja ndoo moja". Zile zenye amitrazi zinamlegeza mbwa, anapepesuka, moyo unakwenda polepole, mwili unapoa. Watoto wa mbwa ndiyo kabisa. Dawa ya kuogesha mbwa ipo, ina kipimo chake kwenye kibandiko, na haisuuzwi kama shampuu, inaachwa ikaukie mwilini huku umemzuia asijilambe. Tofautisheni hivi vitu viwili. Na yeyote mwenye paka nyumbani asimpake paka dawa ya mbwa yenye pemethrini. Mbwa anaihimili, paka inamuua.

Fundi, kabla ya kuoga tena mkague mchana kweupe. Kama unga uko mgongoni tu na manyoya yamekaa sawa, basi mzee wa lindo yuko sahihi. Ila ukiona kingo za masikio, viwiko na tumbo vimepukutika manyoya, ngozi imekuwa nene na ina magamba, huo ni ukurutu, na wa aina moja unahamia kwa watu. Shampuu haitautosha, mganga wa mifugo atakwangua ngozi kidogo aangalie kwa darubini. Kama ni kupe, tazama fizi. Fizi zikipauka, mkojo ukiwa mwekundu, au damu ikimtoka puani, usipoteze muda na ndoo. Na kupe wa mbwa hakai kwa mbwa tu, anashuka anataga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za ukuta. Kibaraza chako kikaguliwe pia.

Ukimwekea ile dawa ya kupe ya matone ya shingoni, acha siku 2 kabla na siku 2 baada bila kumwogesha, la sivyo unaosha pesa yako.

Mwisho, kaka yako alikuachia kadi ya chanjo ya kichaa? Mbwa kwenye maji anaweza kumng'ata hata anayempenda. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

FundiWaChamazi

Shikamoo mzee LindoLaUsiku, shikamoo na wewe mzee wa Mifugo. Bitana! Miaka 14 nashona makoti na sikuwaza kwamba nafuga koti.

Nimemkagua. Manyoya yapo sawa, masikio sawa, fizi kama za mtoto. Kupe 4, mmoja kwapani kanenepa kama punje ya kunde. Kadi ya chanjo ipo, kaka alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa chakula cha mbwa, Mungu amsamehe. Oli imerudi kwa dereva.

Ila mzee, masikio nayafanyaje? Yake moja limesimama, lingine limelala.

LindoLaUsiku

Maji yasiingie. Chukua pamba kavu, tengeneza kidonge kikubwa kisichoweza kutumbukia, weka mlangoni tu usisukume. Ukimaliza toa, futa ndani pale kidole kinapofika, hasa hilo lililolala maana halipati upepo. Na hesabu: mbili zimeingia, mbili zitoke. Kijana niliyekuwa namfundisha alisahau moja, mbwa akatembea na kichwa upande siku mbili, sote tukadhani amepigwa na gari.

FundiWaChamazi

Nimerudi na majibu, leo Jumapili.

Kwanza nilikwenda kwa mama mwenye nyumba kama dada wa Kilwa alivyosema, na swali tu. Alinyamaza, nikajua imekwisha. Kisha akasimama akanipeleka mwenyewe nyuma ya choo cha nje, pale penye mgomba, akanionyesha kwa kidole: "Hapa. Maji yaende mgombani. Na bomba langu usilishike ukiwa umelowa mbwa." Nikanunua ndoo na kopo, nikafunga kitambaa chekundu kwenye vishikio, rangi sina.

Kuchana kulinichukua saa nzima jana. Yaliyotoka nimeyapima kwa mzani wa dukani kwa jirani kwa ubishi tu: gramu 180. Kuna mto mdogo wa kuchomekea pini hapo.

Ndoo nne za kisima, moja ya bomba. Ndoo ya kwanza ya kusuuza nilipokamua shingo ilitoka nyeupe kama tui, na nadhani humo ilikuwemo na sabuni ya wiki iliyopita, maana shampuu nilitia kidogo mno. Ya pili, tui jepesi. Ya tatu nikadhani nimemaliza, nikakamua paja, tui. Mgongo unaniuma, Afande amenuna ameangalia ukuta kama mtu aliyetukanwa. Alipoanza kuzungusha kichwa nikamshika mdomo, na kweli mzee, alitulia, akanitazama kwa mshangao kabisa. Pamba mbili zimeingia, mbili zimetoka.

Taulo nilimkandamizia badala ya kumsugua, kisha nikamfunga juani hadi saa nane. Nimempekua sasa hivi: ngozi kavu, chaki hakuna. Harufu ipo ya mbwa, ila ya mbwa tu, gunia limeondoka. Usiku nitasikiliza bati.

Sikuwaambia hili: muda wote mama alikuwa ameketi mlangoni kwake, mbali, kanga kaivuta hadi magotini, anaangalia. Nilipoinua ile ndoo ya bomba nikamalizie, akapaza sauti: "Bado! Chini ya mkia hujapita, mimi nakuona!" Nikarudi, nikakamua. Tui.